Papasi wa Mama Kathure

Wenzangu mnaobaki kliniki, najua mlivyokuwa mkinisema. Foleni ikifika mpaka kwa mwuza ndizi pale nje, mimi bado niko na mgonjwa wa nne, namwuliza analala wapi. Siyo anakaa wapi, analala wapi. Kitandani au chini? Sakafu ni ya nini? Kabla ya kuja huku ulikuwa wapi? Njeri wa dirisha la dawa alisema siku moja, akidhani sisikii, kwamba Mama Nyambura, yaani mimi, anamtafutia binti yake mchumba. Nilisikia. Sikumjibu kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko foleni. Sasa nimestaafu, nina kiti na nina wakati, basi jibu ndilo hili.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, ile ya mwanzo mwanzo, kwenye zahanati ya shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Shamba silitaji jina, wenyewe walishaondoka. Nilikuwa nimefundishwa ukunga na wamisheni kwa miezi michache. Nikapewa aproni mbili na kipimajoto kimoja, na nikaambiwa nikikivunja nisirudi. Nilikivunja siku ile ile, kabla ya saa nne. Nilikuwa nakikung'uta kushusha zebaki kama nilivyofundishwa, mkono ukagonga meza. Nikakaa chini nyuma ya mlango nikalia.

Aliyenikuta pale ni Mzee Hamisi, mtazama damu. Alinitazama, akatazama vigae, akatoa kipimajoto chake mfukoni.

"Binti, lia umalize, halafu shika hiki," alisema. "Ukivunja na hiki, tutapima kwa kiganja kama mama zetu."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alikuwa Mwislamu wa Thika, mtu wa maneno machache na kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi. Alihudumia mashamba kadhaa, kwetu alikuja Jumatatu na Alhamisi, kwa baiskeli kutoka Thika, na hadubini yake kwenye sanduku la mbao nyuma, imefungwa kwa mpira wa tyubu na kuviringishwa kwenye leso ya marehemu mkewe. Penye mashimo alishuka akasukuma. Nilimwambia siku moja kwamba akipanda atafika mapema. Akasema, "Mimi nikianguka nitapona. Hii haiponi."

Kanuni yake ilikuwa moja tu: mchome mgonjwa kidole kwanza, weka tone la damu kwenye kioo, ndipo umpe dawa. Siku ambazo hayupo, nivitunze vioo kwenye sanduku la chaki mpaka aje. "Homa ni mtu amebisha hodi," alikuwa akisema. "Hujamwona uso, jina umelitoa wapi?" Nami niliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama msichana yeyote anayejua kwamba anajua.

Masika ikipita, maji yalisimama kila mahali, kwenye mashimo ya kupandia, kwenye mfereji wa kuoshea kahawa, hata kwenye makopo ya watu. Mbu walikuja. Kilichonishangaza ni kwamba mbu ni wale wale, waliuma kambi nzima, lakini kitandani kwangu walifika watu wa namna ile ile kila mwaka. Watoto wadogo wasiojaa mkono. Wanawake wenye mimba, hasa mimba ya kwanza. Na watu waliotoka baridini, Limuru na Kinangop huko, wanaume wenye vifua vipana wanaobeba magunia mawili, wanaanguka kwa homa kama mahindi kwenye upepo.

Kulikuwa na Okelo, fundi wa mashine ya kukoboa kahawa, mtu wa ziwani, mcheshi sana. Nikipita na dawa ya kuzuia homa ananicheka. "Nesi, mbu ya huku ni watoto. Mbu ya kwetu ndio mbu. Mimi nilinyonya pamoja nao." Na kweli hakuugua. Alikaa Ruiru miaka mingi bila kwenda kwao, halafu akapata likizo ya mwezi mmoja. Alirudi akishikwa mikono na ndugu zake wawili, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Alipopata nguvu ya kusema aliniambia, "Nesi, mbu ya kwetu wamenisahau."

Mzee Hamisi alikuwa akifunga sanduku lake. Akasema bila kugeuka, "Hawajakusahau. Damu yako ndiyo imewasahau wao."

Hilo la Okelo lishikeni, litatufaa mbele.

Okelo alikuwa na msaidizi anayeitwa Mugambi, kijana mpole kutoka Tharaka, kule chini kwenye joto upande wa Meru. Huyu Mugambi alioa msichana wa Limuru, Wambui, mdogo wa mwili, mwenye kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono. Wambui akapata mimba. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na mtu wa Limuru hakuweza kuja Ruiru bila karatasi, na karatasi haikutoka. Kwa hiyo mama mzazi wa Wambui hakuja. Aliyekuja ni mama mkwe, Mama Kathure, kutoka Tharaka, safari ya siku tatu, na mzigo wake kichwani.

Nataka mjue jinsi alivyompenda yule msichana. Wengi mnafikiri mama mkwe ni vita tu. Huyu aliamka akachota maji kabla Wambui hajafungua macho. Alimpikia uji wa mawele aliyoyabeba kutoka kwao, akamsugua miguu kwa mafuta jioni, akamwambia hadithi kwa Kitharaka, na Wambui akajibu kwa Kikuyu, wakaelewana nusu na kucheka nusu iliyobaki. Nilipopita kuwaona nilikuwa nachelewa kuondoka makusudi. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, basi nilikuwa na wivu kidogo, naomba niseme tu.

Mimba ya miezi sita, Wambui akashikwa na homa kali. Kichwa, mgongo, kutapika. Ilikuwa Jumanne. Mzee Hamisi angekuja keshokutwa, na vioo vilikuwepo, na sindano ya kuchomea kidole ilikuwepo. Mimi nikasema masika imetoka juzi, msichana ni wa Limuru, ana mimba ya kwanza, hii ni malaria na kipofu anaiona. Nikampa kwinini bila kumchoma kidole. Alhamisi Mzee Hamisi alikuja, sikumtajia, na Ijumaa homa ikaisha. Nilitembea kambini nikijisikia daktari.

Baada ya wiki moja ikarudi. Nikampa kwinini tena, ikaisha tena. Iliporudi mara ya tatu, mtoto alikuja kabla ya wakati wake, na alikuja amekufa. Alikuwa wa kiume. Nilimfunga kitambaa cheupe nikampa Mama Kathure, akampokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Alinishukuru, mnasikia.

Alhamisi iliyofuata Mzee Hamisi alisikia habari ya mtoto, akaniuliza kioo cha damu kiko wapi. Nikasema hakipo. Sikuchukua hata mara moja, homa tatu. Hakunigombeza. Aliendelea kufuta lenzi yake kwa kona ya leso, muda mrefu kuliko lenzi ilivyohitaji. Ningependa angenigombeza.

Mwaka uliofuata Wambui akapata mimba nyingine. Kambini walishaanza kusema kwamba damu ya Limuru na ya Tharaka hazipatani, ya kwamba huyo msichana hatazaa pale. Mama Kathure alikuwa bado yupo, karatasi yake ilikuwa imeongezwa muda. Alitembea nyuma ya Wambui kila mahali, hata chooni akamsubiri nje.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, Jumatatu asubuhi, Wambui akaingia zahanati akitetemeka, mama mkwe amemshika kiuno. Wambui alinitazama, na mimi nilijua ananiuliza nini. Nilimchoma kidole kabla hajakaa vizuri.

Mzee Hamisi alikuwa ndani. Akaipaka damu rangi, akaikausha, akaweka jicho. Alikaa. Kwa kawaida malaria alikuwa akiiona upesi, akasema, "Yupo." Safari hii alikaa mpaka nikasikia nzi dirishani. Halafu akasogea. "Njoo uone."

Niliona vinyuzi vyembamba vilivyojisokota, kati ya chembe za damu, kama nywele za mtoto zilizonyolewa. "Hiyo siyo malaria," alisema. "Hiyo ni homa ya papasi. Inakuja siku tatu nne, inaondoka yenyewe, inarudi. Ukimpa kwinini siku ya tatu utasema kwinini imemponya. Utampa hata maji ya chumvi, utasema chumvi imemponya."

Ngai wangu. Pale pale, jicho likiwa bado kwenye hadubini, nilimwona yule mtoto wa kitambaa cheupe. Sikuweza kuinua kichwa, machozi yakalowesha kioo cha watu.

"Utalia baadaye," Mzee Hamisi alisema taratibu. "Huyu wa tumboni bado yu hai. Lete penisilini."

Alinionya kabla sijamchoma kwamba sindano hii ikiua wale wadudu, homa hupanda kwanza kabla ya kushuka. Na kweli, saa moja haikupita, Wambui alianza kutetemeka mpaka kitanda kikasogea. Meno yaligongana. Mama Kathure alinishika pindo la aproni akaniuliza, "Mwanangu, umempa nini?" Hakukuwa na hasira, kulikuwa na hofu tu, ambayo ni mbaya zaidi. Nikamwambia nimempa dawa ya kweli safari hii. Tukampandia kitandani, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, tukamshika katikati yetu na blanketi tatu, na mkono wangu nikauweka tumboni. Mtoto alipiga teke. Nikauchukua mkono wa Mama Kathure nikauweka pale pale, naye akahisi. Adhuhuri jasho likatoka, homa ikashuka, Wambui akalala.

Sasa Mzee Hamisi akauliza swali ambalo mnalichoka. "Analala wapi?"

Maana papasi ni ndugu wa kupe, lakini hakai kwenye ng'ombe. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anatoka watu wakiwa wamelala, anakunywa damu na kurudi, wala humsikii. Nyumba zetu za kambi zilikuwa mpya, za mawe, sakafu tu ndiyo ya udongo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na homa ya namna ile. Tukaenda chumbani kwa Mugambi na kisu, chekecheo, na karatasi nyeupe.

Kazi hiyo ina uvumilivu wake. Papasi ukimgusa anajifanya amekufa, na rangi yake ni ya udongo, unaweza kumkanyaga ukamwita changarawe. Unachekecha udongo, unautandaza kwenye karatasi juani, unakaa, unangoja. Jua likimpata joto, changarawe moja inaanza kutembea. Tulikaa. Chini ya kitanda cha Wambui, changarawe tatu zikatembea. Kwenye pembe alikotandika mkeka Mama Kathure, sikuhesabu. Tulichekecha chumba cha jirani wa kulia na wa kushoto, hakuna hata mmoja.

Mama Kathure alikuwa amesimama mlangoni. "Mnatafuta nini?"

"Papasi, mama," nikasema.

"Si mngeniuliza. Hao ni wangu. Nilikuja nao."

Akaenda kwenye mzigo wake akatoa kibuyu kidogo, kimezibwa kwa nyuzi za mgomba, ndani kina udongo mkavu. Alituonyesha bila woga wowote, kama mtu anayeonyesha mbegu.

Sijui kama ni desturi ya kwao wote au ya ukoo wake tu, sikuisikia tena kwa mtu mwingine. Alituambia hivi. Kwao papasi wapo tangu zamani, na mtu aliyezaliwa nao hawamwangushi. Lakini akikaa mbali miaka, akirudi wanamwua. Mwanawe wa kwanza alikwenda Mombasa kufanya kazi, akarudi mwenye afya na sanduku jipya, wiki ya pili akafa kwa homa. "Kwenye sakafu ile ile niliyomzalia," alisema. Kwa hiyo Mugambi alipokwenda Ruiru, mama huyu akafikiri. Akasema huyu hatanifia hivyo, nitampelekea papasi wa nyumbani huko huko aliko, wasisahauliane. Na mke wake naye wamjue, ili siku atakapokuja kwangu nyumba yangu isimwue.

Nilimkumbuka Okelo. Nikamtazama Mzee Hamisi, naye akanitazama. Hakukuwa na upumbavu wowote katika maneno ya yule mama.

Mzee Hamisi akachuchumaa ili asizungumze akiwa juu yake, kwa sababu mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. "Mama, kwa mwanao ulifikiri sawa. Wewe umeona kwa macho kitu ambacho sisi tunakisoma. Lakini huyu msichana ametoka baridini, damu yake haijawaona hata siku moja. Tena ana mimba. Mwenye mimba, hata aliyezaliwa nao, mazoea humtoka. Na mtoto mchanga ndiye hana chochote."

Mama Kathure alikitazama kibuyu chake. Halafu akauliza, "Na yule mjukuu wa kwanza?"

Mzee Hamisi alitazama chini. Swali lilikuwa langu, nami nilijua.

"Tulikosea wote wawili, mama," nikasema. "Wewe ulileta, mimi sikuangalia. Ningemchoma kidole siku ya kwanza, pengine angekuwa anatambaa."

Hakulia. Alinishika kidole, hiki cha shahada, akakaa nacho muda, kama anayenipima. Kisha akasema, "Huyu akizaliwa, kwangu atalala wapi?"

Mzee Hamisi hakupenda uongo, akamwambia ukweli kwamba mtoto mdogo asiyewazoea ndiye papasi wanayempata kwanza.

"Kwa hiyo nikiwaacha, hazaliwi," alisema Mama Kathure. "Nikiwaua, hafiki kwangu."

Akainuka, akauinua mkeka wake mwenyewe, akaomba maji ya moto. Alipozibua kibuyu na kumimina maji ndani, alikitazama mpaka kikaacha kutoa mvuke. Siku ile ile tulimhamisha Wambui chumba kingine. Sakafu ya zamani ilichimbwa, udongo ukachomwa, dawa ya unga ikanyunyizwa kwenye kila ufa. Nyapara alinung'unika kwamba tunabomoa mali ya shamba kwa ajili ya wadudu. Nikamwambia alale mle yeye kwanza, akanyamaza.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mchana, mikononi mwangu, akalia kabla sijamgeuza. Msichana. Kwao kama kwetu, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa mume, basi akaitwa Kathure, maana hilo ndilo jina la huyo mama mwenyewe, si la mtoto wake. Mama Kathure alimbeba siku saba, hakumpa mtu ila akinyonya. Siku ya nane akafunga mzigo wake, akaweka kibuyu kitupu juu, akaenda kwao. Hakusema atarudi lini. Mugambi alidhani amekasirika. Mimi nilidhani zaidi ya hivyo, nilidhani tumemvunja.

Ilipita zaidi ya mwaka. Mtoto alikuwa akitembea, akija zahanati kuvuta aproni yangu. Alhamisi moja, foleni ikiwa mpaka mlangoni, nikaona mwanamke mzee ameketi mwisho wa benchi na mavumbi ya safari mpaka magotini. Alikuwa ameshika kibuyu mapajani.

"Mama, umefika saa hizi? Umekwenda kwa mtoto?"

"Bado," alisema. "Yuko mzee wako?"

Nikamwita Mzee Hamisi. Mama Kathure akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Ile nyumba nimeibomoa." Nyumba aliyoolewa ndani yake, aliyozalia watoto wote, aliyofia mwanawe. Alijenga nyingine mbali nayo, juu kidogo kwenye mawe. Hakuhamisha mti hata mmoja wa zamani. Ngozi na mikeka aliichoma, nguo akazichemsha. Kuta kazikandika mwenyewe, ufa ukitokea anaziba siku hiyo hiyo, na kitanda cha mtoto kina miguu mirefu.

"Silali vizuri," alisema. "Hainijui, ile nyumba. Lakini nitazoea." Akamkabidhi kibuyu. "Nimechota pembe zote nne, na chini ya kitanda. Angalia."

Mzee Hamisi alifuta mikono, akachukua kibuyu kwa mikono miwili. Tukatoka nje kwenye jua, akatandaza karatasi nyeupe, akachekecha udongo wa Tharaka taratibu mpaka ukalala sawa. Tukachuchumaa watatu. Wagonjwa wa foleni wakasogea nao, wakatuzunguka, hakuna aliyelalamika. Udongo ukapata joto. Tukangoja.

Changarawe moja ikasogea pembeni. Nilisikia Mama Kathure akishika pumzi. Mzee Hamisi akaigeuza kwa unyasi, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Sisimizi, mama."

Tukaendelea kungoja. Alitazama udongo ule kama anavyotazama damu, kona kwa kona, hakuruka mahali. Mwishowe akajizoazoa, magoti yakalia.

"Akipata homa huko, achomwe kidole kwanza," alimwambia. "Sasa nenda kamchukue mtoto."

Mama Kathure hakusimama mara moja. Alikunja karatasi katikati, akaumimina udongo kibuyuni tena, akaokota kwa ncha ya kidole zile chembe zilizobaki, hakuacha hata moja. Kisha akaziba kibuyu, akateremka kambini kumchukua mwenye jina lake.